Bwana Mafua Aaga Dawati la Safari

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mshauri wetu mkuu wa safari atafunga droo yake, atazima feni yake inayolia, na kustaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwaambia watu waende wapi, wavae nini na wasithubutu kufanya nini. Jina lake halisi lipo kwenye hati ya mshahara. Hapa ofisini, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Bwana Mafua, naye huitika bila kinyongo.

Alianza kama karani wa tiketi, kwenye meza hii hii ninayoitumia mimi leo. Siku hizo wateja walichagua safari kwa kutazama picha za kalenda. Yeye aligoma kuuza mahali ambapo hajafika kwa miguu yake. Likizo zake za mwanzo, na baadaye safari alizotumwa na kampuni, alizitumia kuionja dunia kabla ya wateja, kama mama anavyoonja uji kabla ya kumlisha mtoto.

Ndiyo maana ushauri wake huukuti kwenye vipeperushi vya watu wengine. Ukienda kwenye tambarare ya chumvi, jipake mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu na kwenye matundu ya pua, maana kule chumvi huakisi mwanga, jua hukupiga likitokea chini; yeye alirudi amebabuka mahali ambapo hata wembe haufiki. Kwenye theluji, betri ya kamera ilale kwapani, isiuawe na baridi. Jangwani, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, hata kama vililala ndani ya hema. Hasa kama vililala ndani ya hema! Mlimani, ukiona huwezi kumsimulia mwenzako kisa kizima bila kuhema, basi unakimbia. Na kwenye maporomoko ya maji, nenda saa ambayo jua liko mgongoni mwako, kwa sababu upinde wa mvua hauna pengine pa kusimama ila mbele yako.

Hilo jina la Mafua lilitoka wapi? Katika miaka yake ya mwanzo aliwauzia maharusi safari ya ufuo wa mawe wanakolala simba wa baharini, wanyama wanene walao samaki, maelfu kwa maelfu. Aliwasifia mandhari, aliwasifia mawimbi, aliwasifia hewa safi. Maharusi walirudi kabla fungate haijafika katikati, bibi harusi bado kajiziba pua kwa mtandio. Ule uvundo, walisema, ungeweza kusimama wenyewe bila fimbo. Kumbe siku aliyokwenda kukagua, mtaalamu wetu alikuwa na mafua makali, pua zimeziba, hakunusa kitu.

Mwingine angeomba radhi na mambo yakaisha. Yeye alifunga begi, akarudi kule kule akiwa na pua nzima, akasimama palepale mpaka macho yakamtoka machozi, kisha akaja kuongeza sentensi moja kwenye maelezo yetu: pazuri mno, ila upepo ukigeuka, ondokeni. Maharusi wale sasa wana watoto wakubwa na bado wanamtumia salamu. Wanasema pale ufuoni ndipo walipojua kwamba wanaweza kuvumiliana.

Lakini kilichotushangaza zaidi kwa mtu huyu ni kwamba hakuzoea. Wengi wetu tukiona ajabu tatu, ya nne tunaipigia miayo. Yeye alipotueleza jinsi ukuta wa barafu ulivyokatika na kuporomoka baharini, na jinsi mngurumo ulivyochelewa kufika, simu ziliachwa zilie. Alipotueleza mianga ya kijani inayocheza angani usiku mbali kaskazini, alivyolala chali juu ya theluji akasahau kabisa kwamba ana miguu, alinyoosha mkono juu, na sisi sote tukatazama dari. Dari letu lina doa kubwa la maji. Siku hiyo hakuna aliyeliona.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni: yote hayo aliyaona peke yake. Shemeji yetu, mkewe, ni mkunga, mwanamke asiyetishwa na damu wala na daktari mkuu, lakini ndege hapandi. Msimamo wake ni kwamba haingii kwenye chombo ambacho huwezi kumwambia dereva akushushe hapo mbele. Bwana Mafua alimbembeleza kwa picha, akatuma watoto, akatuma hadi mama mkwe. Wapi! Mwaka juzi alisafiri mbali kutazama kupatwa kwa jua. Mchana ulipozima, watu wote walikumbatiana, kila mtu na wake, naye akajikuta amekumbatia mkoba wa chakula. Alitusimulia akicheka, halafu akaacha kucheka.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba mwezi uliopita jua lingepatwa tena, na safari hii kivuli kingepita juu ya nyanda za juu tunakofika kwa basi, mwenzetu hakukalika. Mkurugenzi alimwomba aongoze msafara wa wateja, kazi kubwa ya mwisho na ya heshima. Alikataa kwa adabu. Alisema wateja amewaonyesha ya kutosha, hii ni ya mke wake. Msafara nikapewa mimi, na wao wawili wakaja kama abiria, na viti vyao viwili vya plastiki. Haya ninayoandika nimeyaona.

Asubuhi anga lilikuwa jeupe. Saa ilipokaribia, wingu zito likatanda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bwana Mafua, ambaye maisha yake yote amewaambia wateja kuwa anga halina mkataba na mtu, alijiinamia kwenye kiti akimwomba mkewe radhi, kana kwamba wingu kalianika yeye.

"Nisamehe, mke wangu. Nimekuleta mpaka huku kutazama blanketi."

Shemeji alikuwa amegeukia vilima vya mbali, kama mkunga anayemtazama mzazi na si saa ya ukutani. Mara akamkamata shati.

"Baba watoto, hebu ona kule. Usiku unakuja!"

Ulikuwa unakuja kweli. Giza lilimeza kilima cha kwanza, likameza cha pili, likateremka bondeni bila sauti, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa kitu chochote, likatupita vichwani. Ndege wakanyamaza. Baridi ikatushika mikono. Pembeni mwa anga, mzunguko mzima, pakabaki rangi ya machweo, pande zote kwa wakati mmoja. Shemeji alisimama viganja mdomoni, machozi yanamtiririka. Mumewe hakutazama juu wala chini. Alimtazama yeye mpaka mwanga uliporudi.

Ndani ya basi alilala usingizi wa mtoto, kichwa begani kwa mkewe. Shemeji akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini jua litapatwa tena lini, na wapi. Nikamwambia ukweli: ng'ambo ya bahari, na basi haliendi. Tulipokaribia mjini akaniuliza swali lingine, kwamba huko ndani ya ndege, mtu akitaka kumshika mwenzake mkono tangu wanaondoka mpaka wanafika, anaruhusiwa? Nikamwambia anaruhusiwa.

Tiketi hizo mbili nimezikata mwenyewe juzi, viti vinavyofuatana.

Mzee wetu, ahsante kwa pua yako, kwa ngozi yako iliyobabuka, na kwa kutufundisha kwamba ukweli wa mahali haupatikani ukiwa umekaa. Dawati tutalitunza. Tunakutakia afya, amani na maisha mema pamoja na shemeji. Mkirudi, msitutumie picha. Njooni mtusimulie, nyote wawili.