Shati la Marehemu kwa Dobi

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliofika, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na shemeji yangu, ambaye amekaa pale mbele na ananiangalia, amenionya tangu asubuhi kwamba nikitia chumvi atanisahihisha hapa hapa, kwa hiyo mtakayoyasikia ni kweli tupu, hata yale yatakayofanana na chuku.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na kwa maelezo ya marehemu mama alitoka kimya bila kulia mpaka mkunga alipomchapa kofi, tabia ya kuficha linalomuuma ambayo aliiendeleza kwa bidii ukubwani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mwaka 1972 hadi 1975, ambako alifaulu hesabu na kuombwa kwa heshima aache kwaya, kisha akasomea utunzaji wa stoo kwa mwaka mmoja.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi, akiwa mtunza stoo, na kwa kuwa alijua kila kopo lilipo na hakumruhusu mtu kulisogeza, hata mkurugenzi, wenzake walimbatiza jina la Bwana Stoo, jina ambalo wengi wenu hapa ndilo pekee mnalolijua.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na karani wa mapokezi wa hoteli moja ambayo kiwanda kiliiuzia rangi, binti ambaye siku ya kwanza alimkalisha kwenye kiti cha wageni saa nzima akisubiri saini ya meneja, na miaka mingi baadaye akakiri kwamba meneja alikuwa ndani muda wote, bila kazi yoyote. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye sasa ni muuguzi, na pacha wa kiume waliozaliwa mwaka 1987, mmoja fundi umeme na mwingine bado anatafakari.

Mwezi Machi 1999 uchumi uliyumba, kila mwenye nyumba akagundua ghafla kwamba ukuta wake bado unafaa, kiwanda cha rangi kikapunguza kazi hadi siku tatu kwa wiki, na mshahara wa kaka ukakatwa nusu. Kwa kuwa hakutaka kumtia mkewe wasiwasi, alirudi nyumbani akipiga mluzi, akatangaza kwamba kazi zimeongezeka na atakuwa akichelewa, na kuanzia hapo, siku zisizo na kazi, alishinda maktaba akisoma magazeti ya mwaka juzi, halafu saa kumi jioni akaenda kupiga pasi kwa dobi, upande wa pili wa mji. Asichokijua ni kwamba wiki ile ile hoteli ilifunga ghorofa mbili kwa kukosa wageni, shemeji akakatwa mshahara vile vile, naye, kwa kuogopa presha ya mumewe, akatangaza kwamba wageni wamefurika, kisha akaenda kutafuta kibarua cha kufua asubuhi kwa dobi huyo huyo.

Dobi yupo hapa leo, amekaa karibu na mlango, na alipoulizwa baadaye kwa nini hakumwambia yeyote kati yao, alijibu kwamba kila mmoja alimwapisha kivyake asimtaje kwa mtu, na yeye si mtu wa kuvunja kiapo, hasa kiapo kinachomletea wafanyakazi waaminifu kwa bei nafuu.

Ndugu zangu, umaskini wenyewe wangeuweza, ila uongo ndio uliokuwa na gharama. Ili aaminike kwamba ana kazi nyingi, kaka alimnunulia mkewe saa ya mkononi kwa mkopo, na shemeji, asionekane ameshindwa, akaleta makochi mapya ya kulipia kila mwezi, ambayo hayakuvuliwa nailoni, wageni wakawa wanateleza. Jioni kila mmoja alisema ameshiba kazini ili mwenzake ale, chakula kikalala, pacha wakakimaliza asubuhi wakanenepa katikati ya shida. Wakati huo huo nyumba waliyokuwa wakiilipia kidogo kidogo ilikuwa imekosa malipo ya miezi mitatu, na mwenye kuwauzia alishaanza kupita na wateja wengine, akiwaonyesha dirisha la jikoni kutokea nje, huku shemeji akiwa ndani anaosha vyombo na kujifanya hawaoni.

Jioni moja ya Septemba, katika rundo la nguo za kupigwa pasi, kaka alikunjua shati la buluu lenye alama ya kuungua sehemu ya kuchomekea, alama aliyoiweka mwenyewe miaka ya nyuma, na shati hilo alikuwa ameliacha asubuhi ile ile nyumbani kwake, kwenye tenga la nguo chafu. Akamuuliza dobi ni la nani, akajibiwa kwamba ni la mwanamke mmoja, atalifuata kesho asubuhi, na kutokana na maneno hayo machache kaka alijijengea mwanamume mzima, mwenye kimo chake na kola ya namba yake, anayepewa mashati yake na mke wake, na ana jeuri ya kuyapeleka kwa dobi. Shati alilipiga pasi, maana kazi ni kazi, ila hakulitendea haki.

Asubuhi iliyofuata hakwenda maktaba, alijibanza nyuma ya suti zilizotundikwa, akiwa na hotuba aliyoiandaa usiku kucha kwa ajili ya huyo mwizi wa ndoa na mashati, na aliyeingia akawa shemeji. Alimsalimia dobi, akalichukua shati, akaigeuza kola, akauliza kama mpiga pasi wake amelewa, kisha akakunja mikono ya blauzi na kuzamisha mikono kwenye beseni. Alikuwa na mazoea ya kuchanganya nguo za nyumbani na za wateja ili kuokoa sabuni, na siku zote alizianua kabla ya kuondoka, ila jana yake kulikuwa na manyunyu, shati likabaki kambani.

Kaka alitoka, suti mbili zikaanguka, na hotuba yote ikamyeyuka mdomoni.

"Mama Pacha, unafanya nini hapa?"

Shemeji, mwenye povu hadi kwenye viwiko, alimtazama, akalitazama koti lake la kiwandani lililotundikwa kwenye msumari juu ya meza ya pasi, akaelewa yote kwa mpigo.

"Nakufulia shati, Baba Pacha. Na wewe, stoo imehamia huku?"

Kaka alikaa juu ya furushi la mashuka machafu akalia, shemeji akakaa pembeni yake akalia, halafu wakaanza kucheka mpaka dobi akafunga mlango, wateja wasije wakadhani wamekosea mlango. Jioni hiyo waliwaita watoto mezani na kuwaeleza kila kitu, na binti yao, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akawaambia kwamba yeye alishajua zamani, alikuwa tu anawasubiri wamalize.

Kuanzia hapo mishahara yote ilifunguliwa mezani mbele ya watoto, malipo ya nyumba yakitengwa kwanza, ada ikafuata, akiba kidogo hata kama ni ya aibu, na kilichobaki ndicho kikaitwa maisha. Makochi yalirudishwa dukani na nailoni yake, saa ikarudi, chumba cha mbele kikapangishwa kwa mwalimu mmoja mpole, na kaka akajitwika unyozi wa familia, jambo lililowafanya pacha wavae kofia mwaka mzima, hata darasani, kwa kibali maalumu cha mwalimu mkuu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2001, nyumba hii walikuwa wameshamaliza kuilipia, na kiinua mgongo chake alikiingiza kwenye ubia na dobi, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2017, na kola zake, nasema kwa fahari, zilikuja kusifika.

Mwezi Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa muda mrefu, na siku daktari alipomvuta shemeji pembeni ya korido ili amweleze hali halisi, shemeji alimwomba warudi ndani, akaseme mbele ya mgonjwa. Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, mchana, kaka alimshika mkono.

"Mama Pacha, safari hii sikufichi. Naondoka."

"Na mimi sikufichi," shemeji akamwambia. "Naogopa."

Walikaa hivyo, na muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, muuguzi aliyepaswa kumtoa shemeji alipita mara kadhaa bila kuwaona. Kaka alifariki Jumanne, tarehe 18 Juni, mkewe akiwa pale pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa huyo aliyejifanya haoni, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kutulazia wageni wetu, wenzake wa kiwanda cha zamani waliotoka mbali, na ndugu yetu dobi, aliyempigia kaka pasi mwenyewe nguo alizovishwa leo, na hakukubali mtu amsaidie.

Kaka, mkeo ameniomba nikufikishie maneno haya, kwa kuwa sauti yake imekataa. Anasema hakuna anayekudai, nyumba ipo na watoto wapo, ila yeye hayuko sawa, na hatajifanya yuko sawa. Pumzika kwa amani.