Kivuli cha Mzee Deki

Benchi la Mama Kahawa linatazamana na geti la kiwanda cha sabuni, na hapo watu hukaa kwa miaka ya kazi: mgeni mwisho kabisa, juani, mkongwe ukutani, kivulini. Ukutani alikaa Mzee Deki, anayepiga deki kiwandani mwaka wa ishirini na sita sasa. Tuseme kweli, benchi hilo ndilo pekee lililowahi kumpandisha. Mchana huo kahawa ilimshinda kunywa. Binti yake alikuwa ofisini humo ndani akiomba kazi, kwa kuwa baba mtu ameshindwa ada ya chuo.

Profesa, mlinzi wa geti, alikuwa na gazeti lake.

— Wataalamu wamewahesabu wanaolipwa kima cha chini. Wengi ni vijana. Wanaanza maisha, wakizoea wanapanda.

— Vijana wapi? Mama Kahawa akadakia. Ni wanawake. Chungulia chumba cha kufungashia, kuna mwanaume mle?

— Mmekosea wote, alisema Turubali, mpakia mizigo. Ni vifungua mimba. Mimi kifungua mimba, Mzee Deki kifungua mimba. Tumewahi kuzaliwa, tumewahi kuchoka.

— Basi ni wembamba, alisema Profesa. Bosi akimwona mtu mwembamba anajua huyu njaa kaizoea.

— Na wewe na hicho kitambi? Turubali akamuuliza.

— Hii gesi tu, ndugu yangu.

Wakacheka. Mzee Deki hakucheka.

— Usiwe na wasiwasi, mzee, alisema Profesa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti akiinama kidogo tu, atapanda.

— Mimi nimeinama miaka ishirini na sita, mwanangu. Mvunguni nimekuta vumbi.

Geti likafunguka. Binti akatoka na karatasi mkononi, akawaamkia wote, akakaa mwisho wa benchi, juani.

— Nimepata, baba. Kufungasha sabuni. Nisaini kabla ya saa nane. Wamesema naanzia kima cha chini, halafu nitapanda, nijiwekee ada nirudi chuo.

— Hongera, mama, alisema Mzee Deki, na roho inamuuma.

— Kwani wewe baba, ilikuchukua muda gani kupanda?

Turubali akachungulia kikombe chake. Profesa akakunja gazeti. Mama Kahawa akainua birika amwongezee mtu, kumbe tupu.

Mzee Deki akainuka polepole, akalipangusa benchi pale ukutani kwa kiganja.

— Njoo ukae huku, mama. Huko kuna jua.