Taya Langu na Swali la Daktari

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Mwakeye, nawasalimu kwa Kiha chetu!

Mimi Mama Eliya ni mzaliwa wa Heru Juu. Ndugu zangu, nikikumbuka utoto wangu nacheka peke yangu! Tulimenya miwa kwa meno tukitoka kupalilia maharage. Muhogo mbichi, mahindi ya kukaanga, vyote tulitafuna. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, "Huyu meno yake ni shoka!" Ee, siku zile zilikuwa tamu!

Ukubwani nikaugua saratani ya titi, ikagusa mifupa. Bwana akanivusha. Kule Mwanza nilitundikiwa dripu ya kuimarisha mifupa kila mwezi, mwaka mzima. Nikarudi nyumbani nikijua yamekwisha.

Baadaye jino likaniuma. Hapa Kasulu daktari mmoja akaling'oa kwa mkono mwepesi. Hakuniuliza habari za dripu, nami sikusema. Titi na jino vina undugu gani? Lakini kidonda kikakataa kupona! Miezi minne! Usaha, harufu, na mfupa ukachomoza kwenye fizi kama punje ya mchele. Majirani wakanong'ona kwamba nimerogwa. Kwa aibu nikaacha kwaya niliyoimba tangu usichana. Jumapili niliwasikia wenzangu kwa mbali, nikalia.

Dada yangu anayeishi Kibondo akanipeleka kwa daktari wa meno wa huko, binti mdogo tu. Nikamwambia, "Jino la pili nalo linauma. Ling'oe, mwanangu, nipumzike."

Akaweka koleo chini. "Mama, kabla sijagusa. Umewahi kupewa dawa ya mifupa, sindano au dripu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoikumbuka ile dripu ya Mwanza! Nikamweleza yote.

"Tumshukuru Mungu hatujang'oa hili la pili," akasema. "Dawa ile ni nzuri, lakini kwa watu wachache jino likitolewa, taya linashindwa kupona."

Akanipa dawa, jino akaliacha, akanisafisha kidonda wiki nyingi, kisha madaktari wakubwa wakatoa kipande cha mfupa uliokufa. Fizi ikafunga! Haleluya!

Nikamrudia yule daktari wa Kasulu, si kwa ugomvi. Aliposikia akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Sikuuliza." Tukaomba pamoja. Sasa hagusi jino la mtu kabla ya kuuliza.

Shavu hili limebonyea, mnaliona. Lakini niko hai, na moyo wangu unashukuru! Mtumainini Bwana, ndugu zangu, na daktari mwambieni kila dawa mliyowahi kupewa. Kama kuna anayeugulia kimya hapa, aje mbele tuombe. Na kesho asubuhi nitamsindikiza kliniki mimi mwenyewe.