Mshonaji wa Kola Zinazochomoka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa sita mchana, mshonaji wa hospitali yetu anafunika cherehani chake na kustaafu. Ametumika miaka thelathini na mitatu na miezi minne, yote katika kile chumba kidogo kati ya dobi na stoo, ambako wengi wenu mmeingia bila hodi na kutoka bila asante. Jina lake liko kwenye jalada la ofisini. Sisi tunamwita Fundi, na ukimwita kwa jina haitiki.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu huku dobi nimekuwa jirani yake miaka ishirini na sita. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambapamba aende kwa karani.

Fundi alishona mashuka, mapazia, nguo za wagonjwa na makoti ya madaktari. Hakutumia sana futi ya kupimia. Alikuambia simama, geuka, nenda, na koti likija linakukaa. Daktari mmoja wa upasuaji alirudi mara tatu kupanuliwa suruali ileile, na mara ya tatu Fundi akamwambia, "Daktari, kitambaa ni cha umma. Mimi nimefika mwisho, sasa wewe punguza mkate." Alifumua pazia zima kwa sababu pindo lilikwenda upande kwa upana wa ukucha. Kwenye kola za makoti alipitisha uzi mara tatu, na koti lake lilichakaa kitambaa kabla ya kuachia mshono. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake la kujivunia, na alijivunia waziwazi.

Miaka tisa iliyopita, daktari wa idara ya dharura tunayemwita Mama Pacha aliingia chumbani kwa Fundi alasiri, ameshika koti lake mkononi. Mtu mmoja alikuwa amemleta ndugu yake aliyegongwa na gari, akakaa benchi tangu asubuhi bila kuambiwa lolote. Daktari wa kwanza kutokea mlangoni alikuwa Mama Pacha, basi akamkamata kola na kumvuta. Koti lilipasuka mgongoni mpaka kiunoni, lakini kola haikuachia. Ilimkaba shingo mpaka mlinzi alipomaliza kubandua vidole vya yule bwana kimoja kimoja.

Mama Pacha aliweka koti mezani, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Umeshona vizuri mno, Fundi."

Akamwomba asimwambie mtu. Ndivyo walivyokuwa madaktari wa dharura wakati ule, na hapa nawagomba. Mnavutwa, mnazabwa vibao, mnasukumwa ukutani, halafu mnanawa uso na kumwita mgonjwa anayefuata. Mlisema anayeripoti huambiwa hajui kuongea na watu. Basi mkanyamaza, na daftari la matukio likabaki jeupe kama shuka jipya.

Tangu siku ile Fundi aliacha kushona kola za dharura kwa mshono wake. Alizishikiza kwa nyuzi nne tu, pana, za kufumuka zikivutwa. Hakumweleza mtu. Mimi kule dobi nikaanza kutoa kola kwenye mashine kama ninavyotoa soksi. Nikamfuata, nikamwambia mbele ya watu kwamba mjukuu wangu wa darasa la pili anashona kuliko yeye. Akajibu, "Mlete, Bibi, tusaidiane."

Nikapeleka malalamiko ofisini. Niliyapeleka mimi, wala simsingizii mtu mwingine. Fundi akapewa barua ya onyo kwa kazi hafifu na uzembe. Akaitia sahihi, akaikunja, akarudi kwenye nyuzi zake nne. Kwa fundi wa aina yake, afadhali wangemkata mshahara.

Miezi minane ilipita. Jumamosi moja saa nne asubuhi nilikuwa napeleka mashuka dharura, nikaona kijana mwenye mabega mapana amemkamata kola daktari yule mrefu tunayemwita Ngazi. Akavuta. Kola ikabaki mkononi mwake, na Ngazi alikuwa tayari nyuma ya mlango wa chumba cha vidonda, amefunga. Yule kijana akaiangalia kola kama mtu aliyepewa bidhaa ambayo hakuiagiza. Akaigeuza. Kisha akaketi kwenye benchi, akalia, akampa mfagizi ile kola airudishe kwa mwenyewe.

Niliacha mashuka palepale nikaenda kwa Fundi. Akaniangalia juu ya miwani. "Umeelewa, Bibi, au nikuchoree?"

Kola zilizochomolewa alikuwa akiziweka kwenye kopo la biskuti, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu. Wakuu walipokaa kujadili usalama na kusema hakuna tukio hata moja lililoripotiwa, Mama Pacha na Fundi waliingia na lile kopo, wakazipanga mezani. Zilikuwa kumi na tisa.

Ndipo tukapata mlango unaofungwa kwa ndani, mlinzi wa pili, na muuguzi ambaye kazi yake ni kutoka kila nusu saa kuwaambia ndugu mgonjwa wao amefikia wapi. Huyo muuguzi amezuia ngumi nyingi kuliko walinzi wote wawili. Miaka miwili hii zimechomoka kola mbili tu.

Ile barua ya onyo bado imo jaladani. Mwezi uliopita nilikwenda kuomba itolewe, nikaambiwa kilichoingia jaladani hakitoki. Nikauliza kama kinaweza kuwekewa kingine juu. Wakasema hilo linawezekana. Basi karatasi hii unayoisoma itawekwa juu ya ile, na sahihi yangu iko chini. Aliyelalamika ni mimi, na nasema nilikosea: huyu ndiye mshonaji bora niliyemwona.

Fundi ametuachia agizo moja. Fundi mpya aendelee na nyuzi nne, na kopo likae kwangu. Ukitimia mwaka mzima bila kola kuingia ndani yake, makoti ya dharura yarudishiwe mshono wa mara tatu.

Fundi, asante kwa shingo zote hizo. Pumzika, ule vizuri, macho yakae na nguvu. Mnaotaka kumkumbatia Ijumaa mkumbatieni mgongoni, shati lake kalishona mwenyewe na sijui kola yake ni ya namna gani. Na mwaka huo ukitimia tutakutumia gari, uje umshonee Mama Pacha koti kwa mshono wako wa zamani.