Shamba la Bibi Agnesi Lililomo Kitabuni

Kijiwe cha Mwembesongo kimeegemea ukuta wa duka la vitambaa la Badrudin: benchi moja la mninga, birika la Dadi muuza kahawa juu ya mkaa, na sahani ya kashata ambazo kila mtu huapa hatazila tena. Asubuhi hiyo Kasimiri, fundi majiko ambaye kijiwe kilimpa jina la Gavana kwa vile hata mvua huiamrisha, alifika amevaa koti la harusi na kitabu kwapani. Kilikuwa riwaya ya vijana, habari za binti wa miaka kumi na minne aliyepanda milima ya Uluguru wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akafyeka pori na kuanzisha makazi yake. Mwalimu Judith wa sekondari aliiandika baada ya kukaa kijiweni miezi miwili akimsikiliza Kasimiri akisimulia habari za bibi yake, Agnesi. Na Kasimiri, mwenye chumba cha kupanga kule Mafiga ambamo kitanda na jiko vinapeana mkono, alikuwa amekwisha kata shauri. Alhamisi anapanda Matombo kwenye kikao cha ukoo, anaweka kitabu mezani, anachukua shamba la bibi yake, anapanda mdalasini, anazeekea huko.

—Lete huo ushahidi tuuone, —alisema Pazi, fundi gereji aitwaye Rivasi kwa sababu kila hadithi huianzia mwisho.

—Shika kwa mikono miwili. Hicho si kitabu, hiyo ni hati.

—Hati ina muhuri, Gavana.

—Muhuri wa nini, na bibi mwenyewe yupo hapo jaladani na jembe lake?

Badrudin alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

—Huyu ndiye bibi yako? Mbona amesuka rasta?

—Mchoraji ni kijana wa siku hizi, msameheni. Jembe ndilo lenyewe.

—Soma pale askari walipomchukua baba yake, —alisema Dadi, akimimina.

Kasimiri hakuhitaji kusoma. Alifumba macho akasimulia: baba mtu alivyobebeshwa mizigo ya vita asirudi, mama alivyofuata kwa njaa, na Agnesi alivyotoka na wadogo zake wawili, jembe, na kaa la moto ndani ya chungu kilichopasuka. Akapanda juu ya Matombo, huko ambako mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kuweka mguu. Mahindi hakupanda, maana mahindi askari huyaona kutoka mbali. Alipanda magimbi kando ya kijito. Gimbi huficha mali yake chini. Hapo Kasimiri alikuwa haongezi chumvi kamwe. Aliambiwa na bibi mwenyewe, siku ananyolewa nywele, kichwa kikiwa mapajani mwake.

—Ndiyo wahenga wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe, —alisema Rivasi. —Aliingia, akajificha humo na magimbi yake.

—Methali hiyo haikai hapo.

—Ikae wapi, na wewe umejaza benchi zima?

—Na chumvi je? —aliuliza Badrudin. —Gimbi bila chumvi ni adhabu. Babu yangu ndiye aliyempelekea. Alipanda na punda wawili, Wajerumani huku, Waingereza huku, yeye katikati na chumvi.

—Juzi ulisema babu yako alifika nchi hii mwaka wa arobaini.

—Hiyo ilikuwa mara ya pili.

—Mnasahau nyuki, —alisema Rivasi. —Yule binti alitundika mizinga njiani, kila mti mzinga. Farasi wa Wajerumani walikimbia mpaka Kilosa. Farasi mmoja alifika peke yake, bwana wake alibaki juu ya mti anaomba kwa Kijerumani.

Gavana hakuzoea kupitwa kwenye hadithi ya bibi yake mwenyewe. Alivuta koti.

—Nyuki gani? Sikilizeni. Alimwendea ofisa wao, akamwambia, bwana mkubwa, Mwingereza atapita hapa kesho. Ofisa akaamuru askari mia wachimbe mahandaki kuukata mlima wote, ngazi juu ya ngazi. Walipomaliza akawaambia, samahani sana, amepita kule. Wakaondoka wanatukana. Bibi akapanda maharage. Matuta yale mpaka leo mabwana shamba wanakwenda kuyapiga picha.

—Yamo kitabuni hayo?

—Mwalimu aliyakata. Alisema karatasi zimekwisha.

—Na bunduki kubwa ile waliyoiacha, —Badrudin alidakia, —si ndiyo aliyotwangia mahindi?

—Mahindi hakupanda!

—Baada ya vita, ndugu yangu. Asiye na mwana aeleke jiwe.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo ya juu, tenga lake la ndizi likiwa tupu miguuni. Alikuwa anangoja gari la kurudi Matombo. Walimpa shikamoo alipofika, akaitikia, akanywa vikombe viwili kimya. Sasa aliweka kikombe chini.

—Baba, huyo bibi alimzaa mama yako au baba yako?

—Baba yangu! —alisema Kasimiri kwa fahari. —Damu iliyonyooka.

—Na mama yako mtu wa wapi?

—Mpwapwa.

Mama yule alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa kidonda.

—Basi Alhamisi kisome kitabu chote, watakukubalia neno kwa neno. Aliyefyeka ni bibi. Lakini kwetu ardhi inafuata tumbo. Shamba la bibi ni la binti zake na wana wa binti zake. Baba yako alilima kwa sababu ni tumbo lile. Wewe tumbo lako liko Mpwapwa. Utakuwa umepanda mlima wote huo kwenda kuwasomea wenye shamba kwamba shamba ni lao.

Rivasi alikohoa. Kasimiri alikichukua kitabu, akakirudisha kwapani. Baba yake alikwisha mwambia maneno hayo zamani, naye akayaacha yapotelee mjini pamoja na Kiluguru chake. Koti la harusi lilionekana kumzidi ghafla.

—Kwa hiyo sina pa kwenda.

—Nimesema hivyo? Watu huomba, hupewa. Unabeba kuku na kibuyu cha pombe, hiyo ndiyo ngoto, zawadi ya kuombea shamba, haina aibu. Unamwendea dada wa baba yako, unakaa chini, unasema neno lako. Atakuonyesha pa kulima. Shangazi yako si yupo? Ni mzima?

Kasimiri alianza kuhesabu kwa vidole. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku ya kumzika baba yake. Shangazi alimfungia mkungu wa ndizi kwa kamba ya mgomba, akamwambia asipotee. Mwaka gani huo? Kasimiri angeweza kusema ofisa wa Kijerumani alikunywa nini asubuhi ile ya mahandaki. Alimtazama Rivasi. Rivasi alimtazama Badrudin. Badrudin alitazama mtaa, na kijiwe kizima hakikuwa na nadharia hata moja.

—Mama, —alisema mwishowe, —gari lenu linaondoka saa ngapi?

—Likijaa.