Hii Funga ni ya Bandeji

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, hata na nyinyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, maana leo ushuhuda wangu ni wenu zaidi.

Mnaona nimesimama na magongo. Wengine mlitarajia mtu aliyetupa magongo. Poleni, mimi nimekuja nayo na nitarudi nayo nyumbani. Lakini niko hai, na aliyeniokoa ni Mungu kwa Neno lake.

Mwaka jana nilikuwa nachimba viazi shambani kwetu hapa Mweiga, jembe la meno likanidunga mguuni. Tundu lenyewe lilikuwa dogo. Nikaosha na maji ya chumvi nikaendelea, kwa sababu ng'ombe hangoji mtu apone ndipo akamuliwe. Na mimi niko na ugonjwa wa sukari. Mguu ukavimba, ukaanza kutoa usaha, ukanuka.

Wakati huo nilikuwa naabudu kwa nabii aliyekodi stoo nyuma ya duka la chakula cha ng'ombe. Akihubiri alishika Biblia kubwa nyeusi, akaipunga juu, akaipiga makofi. Sikumbuki kama aliwahi kuifungua. Alitazama mguu wangu akasema hiyo ni mishale ya ukoo, laana ya mababu. Niache tembe za sukari, nisikanyage hospitali, nifunge.

"Funga, mama," aliniambia. "Funga mpaka shetani achoke."

Nikafunga. Ndugu zangu, mtu wa sukari akafunga! Mume wangu, Baba Njeri, alinisihi ninywe hata uji, nikamkemea kama pepo. Biblia yangu ilikuwa chini ya mto, dawa ya ndoto mbaya. Si hivyo ndivyo tumezoea huku kwetu? Tunailalia, hatuisomi. Njeri, binti yetu, akahamia kwa shangazi yake kwa sababu ya ile harufu. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Nguvu zikaniishia. Nikamwomba Baba Njeri atoe ile Biblia, anitafutie mahali pameandikwa kufunga, anisomee nipate moyo wa kuendelea. Kiswahili cha vitabuni kinamsumbua. Akakaa kwa kigoda chake cha kukamulia, akapitisha kidole kwa mistari akiwinda hilo neno moja. Akalipata kwa Luka, pale Msamaria anamkuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Akasoma, akarudisha kidole, akasoma tena.

"Mama Njeri," akasema, "hii funga si ya kukosa chakula. Hii ni ya bandeji."

Akanieleza polepole: huyo Msamaria alimfunga mtu jeraha, akamtia mafuta na divai, akampandisha kwa mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa.

"Na hakumuuliza kama ako na imani," akasema.

Nililia kwa hasira na kwa aibu. Neno la Mungu lilikuwa chini ya shingo yangu wakati huo wote, na mimi naoza juu yake.

Baba Njeri akanifunga mguu na kitambaa safi, akanipandisha kwa mkokoteni wa punda, ule wa kupeleka maziwa, mpaka barabarani. Tukapata gari la Nyeri. Daktari alisema tumechelewa. Wakakata chini ya goti, nikabaki na uhai.

Nabii naye akatangaza madhabahuni ati imani yangu ilikatwa kabla ya mguu. Maneno hayo bado yananichoma, na sijaweza kumsamehe bila kusaga meno. Mniombee. Lakini siku hizi mtu akiniambia "Bwana amesema," namuuliza amesema wapi, halafu nasoma mstari wa juu yake na wa chini yake.

Namshukuru Mungu aliyeweka dawa yangu kwa kitabu, na mume aliyesoma kwa kidole. Na wewe dada wa karibu na mlango, nimemsikia mtoto wako akikohoa tangu tuanze kuimba. Najua umeambiwa nini, kwa sababu tulikuwa tunakaa benchi moja kule kwa stoo. Mwamini Yesu. Luka nitakusomea njiani tukienda hospitali. Baba Njeri amemfunga punda pale langoni, na mkokoteni una blanketi. Usingoje ibada iishe. Ukisimama tu, tunamfungua.