Mvua ya Goma na Picha za Muzee

Amani kwenu, watu wa shirika. Mmeniomba niseme nilivyoanguka na nilivyosimama. Nitasema kwa utaratibu.

Nilizaliwa Bujumbura. Shule niliiacha mapema. Macho yangu yalikuwa dirishani zaidi kuliko ubaoni. Nikazunguka Uvira, Bukavu, mpaka Kampala, na huko, katika karakana moja, nikajifunza kuchapa picha kwa bamba la chuma. Unalipaka nta, unachora kwa sindano, unalitia katika asidi. Pale sindano ilipopita, asidi inakula chuma. Wino unajaa katika mistari ile, karatasi inaunyonya. Nikaanza kuandika juu ya kazi hiyo kwa Kiswahili, maana yote niliyokuta yalikuwa katika lugha nyingine.

Goma nilifika kwa sababu ya muzee mmoja aliyekusanya picha za namna hiyo maisha yake yote. Alipofariki, mjane wake alinipa ufunguo wa chumba chao cha mtaa wa Katindo. Nizitunze, niwaeleze wageni.

Ndugu zangu, picha ya zamani huoshwa. Kampala tuliziosha kwa maji ya mvua, nikafanya vilevile hapa, kwa maji ya pipa lililokuwa chini ya paa. Kabla msimu wa mvua haujaisha, karatasi ziligeuka manjano. Ukishika pembe, inabaki mkononi.

Mama, yule mjane, hakupiga kelele. Alisema, "Mutoto yangu, leta ufunguo." Mtaani walisema mugeni amemuzika muzee mara ya pili.

Nikaacha kuandika. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mabanga, nikakaa humo bila kuongea na mtu. Mwishowe nikafunga mufuko. Kazi ya kuondoka ninaijua.

Asubuhi ile mwenye nyumba alikuwa juu ya paa, anabadilisha mabati.

"Papa wa mapicha, unatuacha? Basi shika kwanza hii bati, isimupasue mutu kichwa."

Nikalipokea. "Mbona unalitoa? Ni la zamani?"

"Ya juzi tu. Huku kwetu bati inazeeka mbele ya bibi ya mutu kuzeeka."

Nikaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama bamba lililotoka katika asidi.

"Nani alifanya hivi?"

"Nani? Mvua. Moshi ya mulima ya moto ikilalia huku, mvua inakuwa kama ndimu. Haukujua?"

Sikujua. Ningeweza kuondoka hata hivyo, lakini nilitaka kuona. Niliweka bamba safi la zinki chini ya ukingo wa paa, nikangoja, na basi nililokusudia kupanda likaondoka bila mimi. Baada ya mvua kadhaa nililipaka wino, nikalichapa. Karatasi ilitoka ya kijivu laini, na hakuna mkono uliochora. Nikaelewa kwamba picha za muzee, hata zilizokuwa zimekauka kabatini, zilikuwa bado zinaliwa na asidi ya maji niliyoziosha nayo.

Nikampelekea mama karatasi ile. Aliitazama sana.

"Lakini papa, sisi hatuoshe hata nguo nyeupe na mvua ya moshi. Juu ya nini haukuuliza?"

"Sikujua kama kuna la kuuliza, mama."

Nikamweleza kwamba maji ya chokaa hutuliza asidi.

"Na kama unaharibu tena?"

"Tujaribu moja kwanza."

Akaenda kabatini, akachagua mwenyewe. "Hii. Hata muzee hakuipenda."

Tuliiosha, tukaikausha, tukaingoja. Rangi ya manjano haikuongezeka, pembe haikukatika. Mama aliirudisha kabatini, akaniachia ufunguo mezani. Nikaosha nyingine.

Ninamshukuru mama huyo, ambaye yuko hapa na hapendi kutazamwa. Ninamshukuru mwenye nyumba, aliyeniokoa akiwa anatafuta mutu wa kushika bati. Nawaambia ninyi mliotoka mbali kama mimi: ujuzi mliokuja nao ni mzuri, lakini ulizeni kwanza maji ya hapa yakoje.

Picha zilizovunjika hazikupona. Nimezitundika ukutani pamoja na nzima, na chini ya kila moja nimeandika, kwa Kiswahili, namna ilivyokufa.